Usiku Baada ya Upasuaji wa Moyo: Barua ya Wazi kwa Wakuu wa Afya

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya, Afya House, Nairobi. Kwa Mkurugenzi Mkuu wa Afya. Kwa Bodi ya Mamlaka ya Afya ya Jamii. Kwa Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno. Na kwa wakurugenzi wa hospitali zote za Nairobi zinazopasua moyo, ziwe za umma, za misheni au za kibinafsi.

Waheshimiwa,

Mimi ni muuguzi mstaafu. Sehemu kubwa ya utumishi wangu niliimaliza katika chumba cha wagonjwa mahututi (ICU) hapa Nairobi, kando ya vitanda vya watu waliotoka kupasuliwa moyo, na mara nyingi ilikuwa zamu ya usiku. Nimewapokea watoto walioingia thieta na midomo ya samawati, wakaamka midomo imekuwa myekundu, mama zao wakakosa la kusema. Sina shaka na mikono ya madaktari wetu wa upasuaji. Naandika kwa ajili ya wagonjwa wengine: wale waliotoka thieta wakiwa hai, upasuaji umekwenda vizuri, kisha tukawapoteza siku ya pili au ya tano kwa jambo ambalo lingeonekana mapema kama pangekuwa na mtu wa kuliona.

Ombi langu ni moja. Kabla ya kufungua kitengo kingine cha moyo, au kuongeza idadi ya wagonjwa katika kilichopo, hesabuni kwanza watu wa kumlinda mgonjwa huyo: anayemlaza usingizi na kumwamsha, na anayekesha naye baadaye. Ikiwa hawatoshi, msifungue. Wakitosha, walipwe na wabaki.

Nasema hivi kwa sababu hotuba za uzinduzi nimezisikia nyingi. Hutajwa bei ya mashine, hutajwa idadi ya wagonjwa watakaohudumiwa kwa mwaka. Ni nadra kusikia ni madaktari wangapi wa nusukaputi, yaani wa kulaza mgonjwa usingizi, wameajiriwa, au usiku muuguzi mmoja atakuwa na wagonjwa wangapi. Mwaka 2015 serikali ilianza mpango mkubwa wa kukodisha vifaa vya hospitali kwa kaunti, na Seneti ilipouchunguza ikatoa ripoti yake mwaka 2020. Wakenya walielezwa juu ya mashine zilizokaa kwenye maboksi au nyuma ya milango iliyofungwa kwa kukosa umeme, maji, au mtaalamu wa kuziendesha. Pesa za umma zilikuwa zimeshatoka. Katika upasuaji wa moyo kosa la namna hiyo haliishii kwenye boksi, kwa sababu mashine itatumika, na mgonjwa atakuwa juu ya meza.

Mniruhusu nieleze kazi yenyewe, maana naamini wengi mnaopanga bajeti hamjawahi kuiona kwa macho.

Chukueni mgonjwa wa kawaida kabisa wa Nairobi, msichana au mama kijana ambaye utotoni aliumwa koo mara kwa mara, homa ya rumatiki ikapita bila kutambuliwa, na sasa vali yake ya mitrali, mmoja wa milango ya moyo, imesinyaa. Damu inapita kwa shida kutoka chumba cha juu cha kushoto cha moyo kwenda cha chini. Moyo wa namna hii hautaki haraka: mapigo yakienda mbio, hakuna muda wa kujaa, na presha inaanguka. Dawa nyingi za kumlaza mtu usingizi hulegeza mishipa ya damu. Kwa hiyo dakika zile za kwanza, kabla hata kisu hakijagusa ngozi, ni za hatari. Daktari wa nusukaputi aliyezoea mioyo humwekea mrija mwembamba kwenye ateri ya mkono akiwa bado macho, ili aone presha pigo kwa pigo, kisha hutoa dawa kidogo kidogo huku jicho likiwa kwenye skrini. Asiyezoea anaweza kumpoteza pale pale, na yeye si mtu mbaya wala mvivu. Hakufundishwa moyo, ila ndiye aliyekuwepo.

Kisha kifua kinafunguliwa. Mgonjwa anapewa heparini ili damu isigande, damu inaelekezwa kwenye mashine ya moyo na mapafu, mwili unapozwa, na maji yenye potasiamu yanausimamisha moyo. Kuanzia hapo maisha yake yamo mikononi mwa fundi wa mashine na daktari wa nusukaputi, wakati mpasuaji anashona vali. Kazi ikiisha, moyo unarudishwa kupiga, na anapewa protamini ili kuondoa nguvu ya heparini. Hata dawa hiyo inaweza kumwangusha mtu: ikiingia kwa kasi, au mwili ukiikataa, presha inaporomoka na mishipa ya mapafu inabana. Mtu wa kuigundua hali hiyo na kuirekebisha ni yule yule wa nusukaputi, anayesimama upande wa kichwa na ambaye familia huwa hata haijui jina lake.

Ndiyo maana nashangaa kila ninapoona upungufu wa wataalamu hawa ukizungumzwa kama jambo la pembeni. Shirikisho la kimataifa la madaktari wa nusukaputi limeweka lengo la angalau madaktari bingwa 5 kwa kila watu 100,000. Sensa ya 2019 ilituhesabu watu milioni 47.6. Pigeni hesabu: ni takriban madaktari 2,380. Hatujakaribia hapo, mnajua hilo kuliko mimi. Kazi kubwa ya nusukaputi nchini hufanywa na maafisa wa kliniki na wauguzi waliosomea fani hiyo, watu ninaowaheshimu sana, waliookoa akina mama wasiohesabika katika upasuaji wa uzazi. Lakini moyo ni mafunzo mengine juu ya mafunzo hayo. Na wale wachache walioyapata wanagombaniwa na hospitali zote za jiji hili: asubuhi yuko hospitali ya umma, alasiri yuko Parklands au Upper Hill, usiku simu inamfuata nyumbani.

Sasa nije kwenye usiku wenyewe.

Mgonjwa analetwa ICU akiwa na mashine ya kupumulia, mirija miwili au mitatu ikitoa damu kifuani, nyaya za kuuchochea moyo zikitokeza chini ya kifua, na dawa kadhaa zikiingia kwa pampu. Kila saa tunapima mkojo, tunapima damu inayotoka kwenye mirija, tunaangalia potasiamu, kwa sababu ikishuka moyo huanza kwenda ovyo. Karibu theluthi ya waliopasuliwa moyo hupata mapigo yasiyo na mpangilio katika siku za mwanzo. Figo zinaweza kulegea. Kiharusi kinaweza kutokea. Wazee wengine huamka wamechanganyikiwa, wanavuta mirija, wanawaita ndugu waliokufa zamani, na jamaa hudhani wamerogwa. Na kuna lile linaloniogopesha hadi leo: mrija uliokuwa ukitoa damu vizuri ukikauka ghafla, si habari njema. Mara nyingine damu imegandia ndani, inauzunguka moyo na kuubana, presha inashuka, na una muda mfupi tu wa kumrudisha thieta au kukifungua kifua pale pale kitandani.

Usiku mmoja, katika hospitali ambayo sitaitaja, jambo hilo lilimpata mama mmoja wa Kayole. Ilikuwa saa tisa. Muuguzi wa zamu alikuwa na wagonjwa wawili wa moyo, wote wa siku ile ile, na wa pili alikuwa anatolewa kwenye mashine ya kupumulia, kazi ambayo huwezi kuiacha katikati. Mrija wa yule mama ulikuwa umekauka kwa muda kabla ya mtu kugeuka. Daktari wa nusukaputi wa usiku alikuwa mmoja kwa hospitali nzima, na wakati huo alikuwa thieta nyingine na mama mjamzito anayetoka damu. Angemwacha yupi? Alipofika, mpasuaji alikuwa tayari ameitwa kutoka nyumbani. Yule mama aliokolewa. Lakini figo zake zilikuwa zimekaa bila damu ya kutosha muda mrefu mno, na alitoka hospitalini akiwa mtu wa kusafishwa damu kila wiki. Vali mpya ilikuwa inafanya kazi barabara. Katika vitabu vya hospitali, upasuaji ule uliandikwa umefaulu.

Hilo ndilo linalonifanya niandike. Tunahesabu vibaya.

Mwaka 2018 jarida la Lancet lilichapisha utafiti mkubwa wa upasuaji barani Afrika: hospitali 247 katika nchi 25, wagonjwa 11,422 waliofanyiwa upasuaji wa aina zote, si wa moyo tu. Wagonjwa wetu walikuwa vijana kuliko wa nchi nyingine na hatari yao ya awali ilikuwa ndogo, lakini walikufa kwa kiwango cha mara mbili ya wastani wa dunia, asilimia 2.1. Na katika vifo hivyo 239, vifo 225 vilitokea baada ya siku ya upasuaji. Someni tena namba hiyo, waheshimiwa. Vifo vingi vilitokea wodini, thieta ikiwa imeshafungwa na timu imekwenda nyumbani.

Mtu angesema basi tuwaambie wauguzi wachunge zaidi. Hilo nalo limejaribiwa. Watafiti hao walirudi na utafiti wa pili, matokeo yake yakatoka 2021. Hospitali ziliombwa kuwatambua wagonjwa walio hatarini, kuwalaza karibu na meza ya wauguzi, kuwapima mara nyingi zaidi, kumruhusu ndugu akae naye, na kuweka mwongozo kando ya kitanda. Ni mambo mazuri yote. Vifo havikupungua. Kwangu mimi, niliyefanya kazi hiyo, sababu iko wazi: huwezi kumwongezea mtu kazi ya kutazama wakati mikono yake miwili tayari inashika vitu vitatu. Kwa hiyo msinitumie waraka mwingine wa kuwahimiza wauguzi. Leteni wauguzi.

Kuna hadithi ya kweli kutoka Uingereza ambayo kila mkurugenzi wa hospitali anapaswa kuijua. Huko Bristol, mwishoni mwa miaka ya 1980, daktari wa nusukaputi aitwaye Stephen Bolsin alifika katika hospitali iliyokuwa ikipasua mioyo ya watoto. Aliona upasuaji unachukua muda mrefu kupita kiasi na watoto wanakufa zaidi ya ilivyotazamiwa. Akaanza kuhesabu. Akawaambia wakubwa. Hawakumsikiliza, na mwishowe akahamia Australia. Uchunguzi rasmi ulioongozwa na Ian Kennedy ulitoa ripoti mwaka 2001: kati ya 1991 na 1995, watoto wa chini ya mwaka mmoja waliokufa walizidi kwa 30 hadi 35 wale ambao wangekufa katika kituo cha kawaida. Ripoti ilieleza juu ya huduma iliyogawanywa katika majengo mawili, uhaba wa madaktari na wauguzi wa watoto, na uongozi ambao haukutaka kusikia. Baada ya hapo matokeo ya upasuaji wa moyo nchini humo yakaanza kutangazwa hadharani.

Sisi je? Mzazi wa Githurai anayetafuta pa kumpeleka mtoto wake anauliza nani? Anauliza jirani, anauliza kikundi cha kanisa, anauliza dereva wa teksi. Baraza la Madaktari lina mamlaka ya kuzikagua hospitali na kuzipa leseni. Naliomba litumie mamlaka hayo kuitaka kila hospitali inayopasua moyo itangaze kila mwaka: wangapi walipasuliwa, wangapi walikuwa hai siku ya 30, wangapi walirudishwa thieta kwa kutoka damu, wangapi walianza kusafishwa figo. Najua hospitali inayopokea wagonjwa waliozidiwa itaonekana vibaya kuliko inayochagua wepesi. Kuna njia za kitaalamu za kupima uzito wa ugonjwa kabla ya kulinganisha, na madaktari wetu wanazijua. Naye Bolsin wetu, popote alipo, apewe kinga ya kusema bila kuhofia kazi yake.

Suala la idhini nalo haliwezi kupita kimya. Tuna methali isemayo mgonjwa haulizwi uji. Kwenye thieta ya moyo haifai hata kidogo. Nimeshuhudia fomu ya Kiingereza ikiletwa jioni, kesho yake ni upasuaji, mama wa mtoto anauliza, "Sista, naweka sahihi wapi?" na hakuna mtu aliyemwambia kwamba mwanawe anaweza kupata kiharusi, anaweza kukaa kwenye mashine ya kupumulia wiki nzima, anaweza asiamke. Tunawaficha kwa huruma. Tunadhani tukisema ukweli watakimbia. Kwa miaka mingi ya kuzungumza nao usiku, nimejifunza kwamba wanaokimbia ni wachache, ila wanaobaki na uchungu wa kutoelezwa ni wengi, na uchungu huo hugeuka kuwa kesi, matusi, na imani kwamba hospitali inaua watu.

Daktari wa nusukaputi akutane na mgonjwa siku kadhaa kabla, si mlangoni mwa thieta. Waongee Kiswahili, au lugha ya mgonjwa, na familia iwepo. Mazungumzo hayo si adabu tu, ni sehemu ya tiba. Ndipo utajua kwamba baba huyu hutafuna miraa kila jioni, kwamba bibi amekuwa akinywa dawa ya mitishamba kwa ajili ya presha, kwamba jino la mbele linalegea na linaweza kuangukia kwenye koo wakati mrija unaingizwa, kwamba kuna shangazi aliyepata homa kali ya ghafla alipopewa nusukaputi. Hilo la mwisho peke yake linaweza kubadilisha dawa zote zitakazotumika. Katika faili halimo. Limo vichwani mwa jamaa, na hutoka pale wanapoulizwa bila haraka.

Na yale maswali ya mwisho kabla ya kisu, jina lako nani, unapasuliwa nini, upande gani, yaulizwe kwa sauti kila mara. Orodha ya usalama ya Shirika la Afya Duniani ilijaribiwa katika miji minane duniani, mmoja ukiwa Ifakara kwa majirani zetu Tanzania, na matokeo ya 2009 yalionyesha vifo vikishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Haigharimu chochote ila dakika chache na unyenyekevu. Nairobi tunajua gharama ya kuyaruka: mwanzoni mwa 2018 katika hospitali yetu kubwa ya rufaa mtu alifunguliwa fuvu la kichwa ambaye hakuwa mgonjwa aliyekusudiwa. Nchi nzima ilisikitika kwa wiki moja.

Kwa Mamlaka ya Afya ya Jamii nina neno fupi. Tangu 1 Oktoba 2024 mlipochukua nafasi ya NHIF, mfuko wa zamani wa bima ya afya, familia zinakatwa asilimia 2.75 ya mshahara zikiamini kwamba siku ya moyo itakapofika hazitarudi kwenye harambee. Upasuaji wa moyo usilipiwe kana kwamba ni saa za thieta pekee. Ukihesabu, hesabu na siku za ICU zikirefuka, damu na chembe sahani za kusaidia damu kuganda, kurudishwa thieta, na baadaye kipimo cha INR, cha kuona damu inachukua muda gani kuganda, kwa mwenye vali ya chuma, ambaye atakunywa warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, maisha yake yote. Kipimo hicho ni tone la damu tu, lakini mwanamke wa Mukuru akilazimika kupoteza siku ya kibarua na nauli ya matatu mbili kila anapokwenda kupimwa, ataacha. Akiacha, vali itaganda damu, au dawa itazidi na atatoka damu kichwani. Kama ni wa umri wa kuzaa, kuna hatari nyingine akipata mimba huku akinywa dawa hiyo, na alipaswa kuelezwa kabla vali haijachaguliwa. Pelekeni kipimo hicho kwenye vituo vya afya vya mitaani.

Na kwa Wizara: sindano ya penisilini ya benzathini kila wiki tatu au nne inamzuia mtoto mwenye homa ya rumatiki asifike kwenye meza niliyoieleza hapo juu. Mkutano wa Afya Duniani ulipitisha azimio kuhusu ugonjwa huu mwaka 2018. Sindano hiyo isikosekane Dandora wala Kibera hata mwezi mmoja.

Lakini waliokwisha kuharibika vali hawawezi kungoja, na ndio ninaowaombea. Ninachotaka kuona kwa maandishi ni hiki: kwa kila kitengo cha moyo cha umma, muuguzi mmoja kwa mgonjwa mmoja katika saa 24 za kwanza, daktari wa nusukaputi aliyefunzwa moyo awepo jengoni usiku, na asihesabiwe kuwa ndiye pia wa wodi ya uzazi, nafasi za masomo ya nusukaputi ya moyo zilipiwe na serikali, na mhitimu akute ajira badala ya mkataba wa miezi michache. Madaktari waligoma siku 100 kuanzia Desemba 2016 hadi Machi 2017, na siku 56 mwaka 2024, na sehemu ya malalamiko yao ilikuwa ajira na mikataba iliyosainiwa bila kutekelezwa. Wengi wa niliofanya nao kazi sasa wanakesha na wagonjwa wa Uingereza na wa nchi za Ghuba.

Taarifa ya Sera ya Bajeti hufikishwa Bungeni katikati ya Februari. Naomba orodha ya nafasi hizo, hospitali kwa hospitali, pamoja na gharama yake, iwe mbele ya Kamati ya Afya kabla ya tarehe hiyo, na itangazwe ili sisi wananchi tuisome.

Wenu katika utumishi,

Muuguzi mstaafu,
Umoja, Nairobi